Mma Seleka Ajifunza Kungoja Jibu

Kwa miaka kumi na minane Nkamogeleng Seleka, tuliyemwita Mma, yaani mama, alifundisha kwa neno moja: "Sogea."

Nalijua vizuri neno hilo maana nililisikia kila siku. Kazi yangu pale Tlhabane, kwenye chuo cha kufundisha usafishaji wa meno, ilikuwa kwenye chumba cha kuchemshia vifaa. Wanafunzi wakimaliza kumsafisha mgonjwa meno huja dirishani kwangu na trei zao. Napokea, nasugua, nafunga vifurushi, natia kwenye mashine ya mvuke. Dirisha lile linatazama ukumbi wote wa kliniki, viti saba huku na saba kule. Mtu akikaa pale hahitaji kusimuliwa habari, anaziona mwenyewe.

Mwanafunzi angekuwa ameinama juu ya mgonjwa, anahangaika na ukoga uliogeuka jiwe nyuma ya gego, jasho linamtoka chini ya barakoa. Mma Seleka angekuja, angetazama mara moja na kusema, "Sogea." Angekaa kwenye kigoda cha mwanafunzi, angechukua chuma cha kukwangulia, akwangue mara nne, kriii, kriii, kipande kimetoka.

"Umeona?"

"Ndiyo, Mma."

Hakuwa ameona kitu. Kichwa cha Mma Seleka ndicho kilichokuwa mbele ya taa.

Sikatai, mkono wake ulikuwa na baraka. Wachimba migodi wenye fizi za kutoka damu kwa kuguswa na ulimi tu walisinzia kitini kwake wakakoroma.

Alizaliwa Ledig, binti wa tatu wa mtu aliyeendesha mashine chini ya ardhi, kwenye mgodi wa platini. Baba huyo aling'olewa meno yote ya juu akiwa na miaka thelathini na tisa, na kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba damu anayotema kila asubuhi ni ugonjwa wenye dawa. Kanisani aliimba amefunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Nkamogeleng aliniambia habari hiyo mara moja tu, tukila magwinya, maandazi yetu ya moto, chumbani kwangu, wala hakuikuza. "Nilitaka kujua kwa nini," alisema, "nikaenda kusoma." Alisoma, akafanya kazi kliniki za migodini, akaolewa, akapata watoto wawili, akafiwa na mume, akaja kufundisha. Mambo yote hayo aliyapita bila kelele.

Kisha mkono ukamgeuka.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Kidole gumba cha kulia kilianza kufa ganzi. Mwanzoni alikikung'uta kama mtu anayekung'uta maji, akaendelea. Baadaye akaanza kuangusha vitu. Siku alipoangusha kioo cha mdomoni juu ya kifua cha mgonjwa, alikuja dirishani kwangu akasimama tu, hana trei mkononi.

"Ausi," akaniambia, kwa maana ya dada, "sikukihisi kile kioo. Nilidhani nimekishika."

Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, tena kwa miaka mingi. Wakampasua mwezi wa Mei. Maumivu yalipungua lakini nguvu haikurudi. Akaambiwa waziwazi: kukwangua meno basi.

Alirudi kazini Julai, katikati ya baridi, mkono umefungwa kitambaa cha sufi. Mkuu wetu, Rra Phetwe, yaani Bwana Phetwe, mtu mpole asiyependa ugomvi, akamwita ofisini na kumpa kazi ya kutunza mafaili ya wagonjwa. Mlango haukufungwa, nikasikia.

"Utapumzika, Mma. Kuna kiti kizuri na hita."

"Rra, kilichopasuliwa ni mkono. Mdomo wangu haujapasuliwa."

"Utafundishaje bila kuonyesha?"

"Nitawauliza."

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu Mma Seleka hakuwa anajua kuuliza. Watu husema kuuliza si ujinga. Kweli, lakini kuna kuuliza kwa kutaka kujua, na kuna kuuliza kwa kuchapa. Yeye alitumia swali kama fimbo. Angesimama nyuma ya mwanafunzi, mgonjwa kafunua kinywa, aanze: "Jino gani hilo? Upande upi? Umeshika chuma gani? Kwa nini hicho? Kwa nini si kile kingine? Haya, pembe ya makali ni ngapi? Sitini? Themanini? Si nilisema jana? Ni kati ya sitini na themanini! Kidole chako kimeegemea wapi? Hakijaegemea!" Yote hayo kwa pumzi moja. Wanafunzi wakawa wanakuja dirishani kwangu kuomba vifaa ambavyo tayari wanavyo, ilimradi waondoke pale kitini.

Kulikuwa na msichana wa mwaka wa pili, Goitsemang Ramokoka, kutoka Moruleng. Alikuwa mkimya, mrefu, mwenye vidole vyembamba. Mimi napokea vifaa, kwa hiyo najua nani anavitunza; vyuma vyake vilirudi vimepangwa kama vijiko vya harusi. Siku moja ya Agosti alikuwa anamsafisha dereva mmoja wa lori, jamaa wa maneno mengi. Mma Seleka akaja.

"Umepima milimita ngapi hapo nyuma?"

Goitsemang akainua macho.

"Ngapi? Na zinamaanisha nini? Zinamaanisha mfuko wa ufizi umeingia chini, au ufizi umevimba juu? Mbona kimya?" Akageuka kwa wale wa viti vya jirani. "Jina lake ni Goitsemang, maana yake 'Nani ajuaye?' Wazazi wake waliona mbali. Yeye hajui!"

Dereva akacheka mpaka mrija wa kunyonya mate ukamtoka mdomoni. "Kumbe najaribiwa mimi hapa! Niitieni mwenye kujua basi!"

Goitsemang aliweka chuma chini taratibu, akavua glavu, akamwambia yule dereva "Samahani, Rra," na kutoka. Hakukanyaga kliniki kwa siku tisa.

Siku ya kumi akaja kwangu kwa mlango wa nyuma, akaomba anisaidie kufunga vifurushi. Nikampa kigoda. Tulifunga kama thelathini.

"Jibu ulikuwa nalo?" nikamuuliza mwisho.

"Nilikuwa nalo, Ausi. Milimita tano, na ufizi haujavimba, kwa hiyo mfuko umeshuka chini. Lakini likifika mdomoni mwangu yeye ameshauliza mengine matatu. Sasa nijibu lipi?"

Sikumwambia Mma Seleka. Ningemwambiaje? Yeye ni mwalimu, mimi ni wa kusugua. Aliyemwambia ni Thuso, naye hakukusudia.

Thuso Mokgatle alikuwa mcheshi wa darasa la Goitsemang. Kwa sababu alikuwa mzito wa kuandika, alikuwa na ruhusa, ya mwalimu na ya mgonjwa pia, kurekodi sauti kwenye simu yake ili akasikilize bwenini. Siku moja saa ya chai alikuwa kwenye chumba cha wanafunzi, ambacho dirisha lake linatazamana na la changu, akiwachezea wenzake sauti ya Mma Seleka akifundisha huku yeye akicheza mwigo: mkono mmoja kaubeba kifuani kama mgonjwa, kidole cha mkono wa pili kinarukaruka.

"Kwa nini? Kwa nini? Sitini? Themanini? Kwa nini unapumua?"

Wenzake walivunjika mbavu. Halafu mmoja akageuka. Mma Seleka alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake.

Thuso akaanza kutafuta pa kuificha simu. "Mma, mimi... tulikuwa tunarudia masomo."

"Rudisha nyuma," akasema Mma Seleka. "Tangu mwanzo."

"Mma, tafadhali."

"Sijakasirika. Rudisha."

Akasikiliza dakika kumi na tano nzima, amesimama, macho kwenye saa ya ukutani. Chai yake ilipoa. Ilipokwisha akasema, "Nitumie hiyo," akaondoka.

Jumatatu alikuja kwangu na daftari la shule. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kila upande kama nyasi baada ya mvua ya mawe.

"Arobaini na mawili," akasema. "Nimeuliza maswali arobaini na mawili kwa robo saa. Thelathini na moja nimeyajibu mwenyewe. Sita si maswali, ni matusi. Manne yanataka ndiyo au hapana." Akafunga daftari. "Moja tu, Ausi, ndilo swali la kweli. Nalo sikungoja jibu lake. Nimehesabu kwa saa, sekunde moja. Hata kumeza mate mtu hawezi."

"Unayajua yote unayouliza," nikasema, "labda ndiyo maana huna haja ya kungoja."

Alinyoosha mkono wa kulia akachukua chuma kimoja kwenye trei yangu safi, akakishika kama kalamu, namna wanavyokishika. Kilimteleza, kikaanguka sakafuni. Akakiinamia, akashindwa kukiokota kwa mkono ule, akakiokota kwa wa kushoto. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

"Nilikuwa nawachapa kwa sababu wao wanayo mikono," akasema. "Tuseme ukweli."

Nilikipokea kile chuma, nikakirudisha kwenye uchafu kikaoshwe upya.

Alimtafuta Goitsemang siku ileile. Hakumwita ofisini. Alingoja kliniki ijae, wanafunzi wote wako vitini, akasimama katikati ya ukumbi na kumwambia: "Goitsemang, nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nikalichezea jina ulilopewa na wazazi wako. Nisamehe, mwanangu." Goitsemang alikunja magoti kidogo, kama tunavyofanya sisi kwa wakubwa, akasema, "Nimesikia, Mma." Hakusema amesamehe. Hilo lilikuja baadaye, na mimi sijui siku yake.

Baada ya hapo Mma Seleka alianza upya, akajifunza kuuliza kama mtu anavyojifunza kuendesha gari ukubwani. Kabla mgonjwa hajaitwa, alikaa na mwanafunzi pembeni: "Niambie utaanzia wapi leo, na sababu yako." Mgonjwa akiwa kitini, aliuliza machache, tena kwa sauti ya chini: "Unahisi nini kwenye ncha?" Mgonjwa akishaondoka: "Kipi kimekushinda? Ungekirudia ungefanyaje?" Na kila alipouliza alihesabu kimoyomoyo mpaka tano. Mimi nilijua anahesabu kwa sababu kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza ndani ya kiatu chake cha turubai.

Wanafunzi hawakuupenda ukimya ule. Thuso siku ya kwanza aligeuka kumtazama kwa wasiwasi.

"Mma, uko salama?"

"Niko salama."

"Umenyamaza kama simu iliyokwisha chaji."

"Nakungoja wewe."

"Basi tutangojana mpaka Krismasi, Mma. Mimi sijui."

"Sawa. Unajua nini?"

Thuso akakuna shingo kwa mgongo wa mkono. "Najua kwamba kuna kitu kigumu hapa, na kwamba nikikwangua hakitoki."

"Hapo ndipo tutaanzia."

Wengine walikwenda kwa Rra Phetwe na malalamiko. Walisema wamekuja kufundishwa, na mwalimu wao anawarudishia maswali. Mmoja, Lerato wa mwaka wa tatu, aliomba ahamishiwe kwa mwalimu mwingine, akahamishwa. Rra Phetwe naye akaanza kuja kukaa kwenye kona na karatasi yake, akitazama. Mma Seleka nilimwona akihesabu mpaka saba badala ya tano, kwa ukaidi tu.

Mwishoni mwa Septemba alikuja Koko Ntebaleng. Alikuwa koko kweli, yaani bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye blanketi mabegani na kikopo cha ugoro ndani ya sidiria. Alipangiwa Goitsemang. Rra Phetwe alikuwa kwenye kona yake.

Goitsemang alifanya kazi saa nzima, akakwama kwenye gego la chini kushoto. Akainua mkono kuomba msaada. Zamani hapo ungesikia "Sogea." Mma Seleka akaja, akainama kando, mbali na taa.

"Unahisi nini kwenye ncha?"

Kiatu kikacheza.

"Kama kucha inayokwaruza sufi," Goitsemang akasema. "Halafu inapotea."

"Inapotea lini?"

"Nikifika kwenye kona ya jino."

"Pale konani, ni nini kinachobadilika?"

Kiatu kikacheza, kikapita saba. Koko Ntebaleng akatoa mrija mdomoni. "Mwanangu, na mimi naruhusiwa kujibu?"

"Ngoja kidogo, Koko, zamu yako inakuja," akasema Mma Seleka.

"Basi asikawie, taya linaniuma."

Goitsemang alifumba macho, akausogeza mkono taratibu hewani, nje ya kinywa. Akayafumbua tena. "Ni mimi," akasema. "Kile kidole cha kuegemea kimebaki kule mbele. Nikifika konani kinavuta, ncha inaachana na jino." Hakungoja kuambiwa lolote. Akahamisha kidole hadi kwenye jino la jirani, akarudi, na mimi pale dirishani nikasikia kriii, kriii. Kipande kikatoka, cheusi, sawa na punje ya mtama.

Mma Seleka hakusema hongera. Aliuliza: "Kabla hujamwinua bibi, umeona kitu gani ambacho hukuja kukitafuta?"

Ningekuwa mimi ningesema hakuna. Goitsemang alisita, na safari hii haikuwa kwa kutojua. Alikuwa anapima kama aseme. Kisha akauvuta mdomo wa chini wa Koko kwa kidole.

"Kuna doa jeupe hapa, limekunjamana. Niliona tangu mwanzo. Nikadhani ni la ugoro, wengi wanalo."

"Ungejuaje kama ni la ugoro?"

Goitsemang akafikiri. Akamgeukia bibi mwenyewe, akashuka kwenye kigoda mpaka macho yao yakawa sawa. "Koko, ugoro unauweka upande gani?"

"Kulia, mwanangu. Upande wa kulia."

"Siku zote?"

"Aa, zamani nilikuwa naweka kushoto. Nikaacha."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Na kwa nini uliacha, Koko?"

"Kunawasha. Hata chai ya moto inachoma. Nikasema basi, mdomo una pande mbili."

Doa lilikuwa kushoto. Goitsemang alilipapasa kwa kidole chenye glavu, akasema polepole kwamba kulia pako laini lakini kushoto pana ugumu kidogo, kama ukingo wa kitufe. Mwaka na nusu tangu bibi aache kuweka kitu pale, na doa halijaondoka.

Mma Seleka aliita daktari wa meno aliyekuwa zamu. Wakamwandikia Koko Ntebaleng barua ya hospitali kubwa. Alinung'unika sana: njia ni ndefu, kuku wake hawana mtu, na amekuja kusafishwa meno, hakuja kukatwakatwa. Goitsemang alitoka naye mpaka kwenye benchi la nje, akakaa naye nusu saa. Yaliyosemwa pale sikuyasikia, lakini bibi alikwenda. Walikata kinyama kidogo wakakipima, wakakuta kimeanza kuharibika, bado hakijawa saratani. Wakaliondoa doa lote mwezi wa Oktoba. Novemba alirudi kwetu akituonyesha mshono kama mtu anayeonyesha pete.

"Huyu mrefu," akamwambia Rra Phetwe akimnyooshea Goitsemang kidole, "ana maswali kama polisi. Lakini anasikiliza."

Ugoro aliacha miezi minne, akaanza tena, akaacha tena. Mara ya mwisho niliyomwona alikuwa ameacha, au kikopo alikuwa amekificha mahali pengine.

Isije ikaonekana kwamba mambo yote yalinyooka. Mtihani wa vitendo wa mwaka ule waliufanya wanafunzi kumi na wanne, wakafaulu kumi na mmoja. Thuso hakuwamo kati ya waliofaulu, alirudia mwaka, akafaulu mara ya pili, na sasa yuko kliniki moja Mahikeng akichekesha wagonjwa. Lerato, aliyehama, alifaulu vizuri sana kwa mwalimu wake mwingine, wala Mma Seleka hakulificha hilo. Mkono wa Mma Seleka ulipasuliwa mara ya pili bila faida. Siku za baridi kali alikuwa anakuja kuuweka juu ya kifuniko cha mashine yangu ya mvuke, anasimama pale, mimi naendelea na kazi.

Rra Phetwe hakumtajia tena mafaili. Mwaka uliofuata alimpa walimu wapya wawili awafunze kazi. Mmoja wao, kijana aliyesoma Pretoria, alimwambia siku ya kwanza kwamba kumngoja mwanafunzi ni kupoteza muda wa mgonjwa. Mma Seleka alimwambia achukue saa, apime muda anaotumia kurudia kazi ya mwanafunzi asiyeelewa. Kijana alipima wiki mbili. Sijui alipata ngapi, ila aliacha kubisha.

Mma Seleka alistaafu baada ya miaka sita, akarudi Ledig kwa dada yake. Goitsemang ndiye mwenye chumba cha meno katika kliniki ya Moruleng, si mbali na hapo, na kila mwezi hupita na gari kumchukua Mma Seleka wakanunue mboga na nyama. Nilikwenda kuwatembelea Pasaka iliyopita. Nilimkuta Mma Seleka ugani anapepeta maharage kwa mkono wa kushoto, uleule uliokuwa ukilaza herufi kila upande, ungo umeegemezwa gotini, na maharage machache tu ndiyo yaliyokuwa yanamwagika.